Jina Ambalo Safiya Hakulitaja

Safiya binti Bakri alikuwa na mdomo mwepesi kuliko wanawake wote wa kisiwa cha Chovai waliohamia Kismayu, na hilo si mimi ninayelisema, alilisema mwenyewe. Aliweza kugombana na wapagazi wa bandarini kwa Kisomali, akamrudi bwana mkubwa wa ofisini kwa Kiitaliano, kisha akageuka akamalizia kwa Kibajuni yale ambayo lugha zile mbili hazikuyatosheleza. Neno moja tu lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwake, nalo ni jina la mumewe.

Hakuna ajabu hapo. Kwao mke hamtaji mume. Siku za mwanzo za ndoa alimwita "yule," na nyumba nzima ikajua ni yupi. Alipozaliwa binti yao Zaituni mambo yakawa mepesi, akawa baba Zaituni, wakaishi hivyo kwa raha zao. Mama yake Safiya alizeeka na mume mmoja, akamzika, akamlilia, na jina lake hakulitaja hata siku ya matanga. Nami ninayesimulia sitajifanya hodari kuliko wenyewe. Sitalitaja jina la bwana huyu mpaka Safiya alitaje kwanza.

Kazi yake Safiya ilikuwa kupiga chapa katika ofisi ya mradi wa samaki, karibu na bandari. Waitaliano walioanzisha mradi huo walileta majokofu makubwa, boti nyeupe, jenereta na kompyuta moja. Mhandisi wao, mtu mnene mwenye kicheko cha tumboni, aliitumia kompyuta asubuhi kwa hesabu za barafu na jioni kwa mchezo, na kwa kuwa mchezo hauna utamu mtu akicheza peke yake, alimfundisha Safiya.

Usidhani ni mchezo wa picha. Ulikuwa maneno matupu ya Kiitaliano, meupe juu ya kioo cheusi. Uko mbele ya jumba kubwa. Mlango umefungwa. Kuna mbwa. Wewe unaandika unachotaka kufanya, mpe mbwa mfupa, fungua mlango, panda ngazi, na mashine inakujibu yaliyokupata. Mhandisi alimweleza kwamba hadithi yenyewe imelala katika faili moja iitwayo VILLA, na faili hiyo haiwezi kujisomea. Anayeisoma ni programu nyingine, mkalimani, jina lake LEGGI, yaani soma. Unaandika jina la mkalimani, kisha jina la hadithi, na nyuma yake, ukitaka, unamtupia maagizo mafupi, kistari cha mshazari na herufi moja. Ukimtupia G anaandika herufi kubwa kwa wenye macho mabovu. Ukimtupia R anaanzia pale ulipoachia jana. Ukimtupia M anakuwa bubu. Hili la mwisho halikuwa la kusahauliwa, maana bila M, kila ulipofanikiwa jambo ndani ya jumba lile, kompyuta ilipiga kelele za tarumbeta mpaka wauza samaki wa nje wakauliza nani anaoa.

Jambo jingine alilojifunza ni kwamba jina la mkalimani si la kuzaliwa nalo. Unaweza kumpa jingine lolote, mradi lisizidi herufi nane, na kazi yake ikabaki ile ile. Ila akishapewa jina jipya, ukimwita kwa lile la zamani anakaa kimya kama hakujui. Safiya alilipenda sana jambo hilo, hata hakujua kwa nini.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na moja serikali ikaanguka. Waitaliano waliondoka na begi moja moja, wakamwachia Safiya funguo na ahadi ya kurudi. Makundi ya wenye bunduki yakawa yanaingia Kismayu na kutoka, hili likilifukuza lile, na kila kundi jipya lilipoingia Wabajuni waliporwa upya, kwa sababu hawakuwa na bunduki wala jamaa mwenye bunduki. Majirani wawili wa Safiya waliuawa mlangoni kwao kwa ajili ya nyavu. Ofisi ilikuwa na kuta nene na mlango wa chuma, kwa hiyo akahamia humo na watu wake: Zaituni, baba Zaituni, na mama yake baba Zaituni, Bi Barke, kikongwe mwenye macho mazima na maneno makali. Omar, dereva wa mradi, naye akajibanza humo, maana gari lake lilikuwa limeshachukuliwa na hakuwa tena na cha kuendesha.

Mpango ulikuwa kuondoka kwa boti kwenda Kenya. Baba Zaituni alikuwa fundi wa boti, na boti yake alikuwa ameificha kwenye mikoko, mashine yake ameileta ofisini chini ya magunia. Upepo wa wakati ule ulikuwa wa kuwarudisha nyuma, hivyo bila mashine safari haipo. Kilichokosekana ni petroli, na baba Zaituni alikuwa akiitafuta kidogo kidogo mjini, roho mkononi.

Wakati huo wa kungoja ndio ulioleta matata. Omar alikuwa ameuona mchezo, akaupenda mapenzi ya kijinga. Safiya akitoka tu kuchota maji, Omar anawasha jenereta na kuingia jumbani, na dizeli ya kuhifadhia samaki wao wachache inakwisha kwa ajili ya kumpa mbwa mfupa. Safiya alimsema, akamsema tena, kisha akaamua kumbadilisha mkalimani jina. Akakaa mbele ya kibodi akifikiri. Ampe jina gani ambalo Omar hatalipata, hata akimbembeleza, hata akimchokoza, hata akimvizia usingizini? Jibu likamjia, akacheka peke yake mpaka akajiziba mdomo kwa leso.

Aliona haya kidogo wakati wa kuandika. Akageuza uso kando, vidole vikaenda vyenyewe, akajiamulia hukumu kuwa kuandika si kutaja, kwa sababu vidole havina ulimi. Siri yenyewe aliiona imekamilika kwelikweli, maana hata akitaka kuitoa haitatoka. Omar alijaribu majina ya samaki wote anaowajua, akasusa siku nzima.

Baada ya hapo Safiya ndiye aliyeufungua mchezo, mchana, kwa muda mfupi, na wote wakakaa mkekani wakisikiliza anavyowatafsiria. Nakuambia, ndani ya mji ule uliokuwa ukilia risasi, ofisi moja tu ilikuwa na watu wanaobishana kuhusu mpishi. Jumbani mlikuwa na jiko, jikoni mkawa na mpishi mwanamke, na mpishi huyo hakumruhusu mtu kupita kwenda ghalani. Omar alimpa dhahabu, akakataa. Alimtisha kwa upanga, akampiga mwiko. Walimpa samaki, chumvi, kanzu ya mfalme, na mpishi yuleyule akabaki amesimama mlangoni.

Bi Barke aliyasikiliza hayo akizungusha tasbihi, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mmemsalimu?" akauliza.

Omar akasema wamempa samaki.

"Mchu haingii jikoni mwa vachu kama mbuzi," akasema Bi Barke kwa Kibajuni chake. "Msalimuni kwanza, muulizeni hali, ndipo muombe ndia."

Jenereta ilikuwa imejizimia wakati wa ubishi huo. Safiya akaiwasha upya mbio mbio, akaandika jina lile huku uso kando, akaandika VILLA, akatupia R ili arudi jikoni, akamwandikia mpishi salamu ya asubuhi kwa Kiitaliano. Mpishi akaitika, akasema tangu jumba lijengwe hakuna aliyemjulia hali, akasogea mlangoni. Wote wakaruka. Na hapo kompyuta ikapiga tarumbeta kwa nguvu zake zote, kwa sababu katika furaha ile Safiya alikuwa amesahau M.

Waliganda. Tarumbeta iliendelea na beti yake ya pili, ikaja ya tatu, na kabla haijafika mwisho mlango wa chuma ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

Waliingia vijana wachache, na mkubwa wao aliitwa Gurey kwa sababu ya kutumia mkono wa kushoto. Walichukua redio, viti, kalamu na karatasi zote, na walipofunua magunia wakaichukua mashine ya boti. Wangepoteza na zaidi, lakini Gurey alikuwa amesimama mbele ya kioo akisoma. Kabla ya vita alikuwa mhudumu katika hoteli ya Waitaliano, lugha ile aliijua vizuri. Akauliza huyu mpishi ni nani na ghalani mna nini. Safiya akamjibu kwamba hata yeye hajui, ndio kwanza wamepita. Gurey akaweka bunduki chini, akavuta debe akakaa.

Kuanzia siku hiyo ofisi ikawa kituo cha Gurey, na watu wake Safiya wakasogezwa hadi ghala la barafu la uani. Kila asubuhi aliitwa kufungua mchezo. Alitandika leso juu ya mikono yake na kioo, akaandika chini yake, akajiondokea. Gurey alicheza na wenzake wakisimama nyuma yake wakimshauri kwa makelele, na ninaambiwa kwamba katika siku hizo mtaa ule haukuporwa, kwa sababu waporaji walikuwa wamekwama kwenye kisima cha jumba. Na kila jioni Safiya aliomba mashine ya boti, na kila jioni Gurey alimjibu kwa swali lilelile: akiondoka, nani atamfungulia?

Habari zikaja kwamba kundi jingine linakaribia mji na safari hii watapigana mtaa kwa mtaa. Petroli ilikuwa imepatikana. Asubuhi Safiya akaenda kwa Gurey akamwambia kwamba leo ama wanaondoka, ama mtoto wake anakufa humu. Gurey akasema si mtu mbaya kiasi hicho. Ampe jina la mkalimani, achukue mashine yake.

Safiya alifurahi mno hata akasahau ni jina gani. Akawapeleka Bi Barke na Zaituni na Omar pwani, pamoja na majirani waliokuwa wakiingoja boti, baba Zaituni akaenda kuitoa boti mikokoni na kuileta karibu, maana maji yalikuwa yameanza kupwa na yakipwa sana boti ingebaki juu ya matope hadi kesho. Kisha akarudi ofisini akitembea upesi, akitabasamu. Alipofika mlangoni ndipo alipokumbuka, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Gurey alikuwa ameshakaa na vidole tayari. Wenzake walikuwa wamemtia maneno kwamba watu wa visiwani wana uganga, na kwamba mwanamke huyu akigusa kompyuta kwa mara ya mwisho ataifunga isifunguke milele. Kwa hiyo akamwamuru asimame kule ukutani, mikono ndani ya leso, alitaje jina tu.

Najua unachotaka kusema. Si angeandika kwenye karatasi? Karatasi na kalamu zilikuwa zimeporwa siku ya kwanza. Si angeandika kwa kidole kwenye vumbi la meza? Kwa bahati mbaya Safiya alikuwa mtu wa kufuta vumbi kila siku, vita au si vita. Na kulitaja herufi moja moja, kwake, kulikuwa ni kulitaja tu.

"Ni jina la mume wangu," akasema.

"Vizuri, abaayo," akasema Gurey, ndivyo Wasomali wa kule wanavyomwita dada. "Anaitwa nani?"

"Baba Zaituni."

Gurey akaandika, mashine ikamkatia jina katikati na kumwambia haimjui mtu huyo. Akauliza kabla ya Zaituni kuzaliwa aliitwaje. Safiya akasema aliitwa yule. Gurey akaandika YULE. Mashine haikumjua. Akauliza mama yake anamwitaje, akaambiwa anamwita mwanangu, na hapo vijana wa nyuma wakaanza kuangua vicheko. Mmoja akasema si tabu, majina ya watu si mengi, wakisie. Wakakisia. Mohamed, Abdi, Farah, Jama, Warsame, kila mmoja akilitupa la kwake, Gurey akiandika kwa kidole kimoja cha kushoto, mashine ikikataa, wao wakipiga makofi. Mmoja akashikilia kwamba lazima ni Liban, kwa sababu yeye mwenyewe anaitwa Liban. Safiya alikuwa ameuma leso, mbavu zinamuuma kwa kicheko, machozi yanamtoka, na ndani ya kicheko kile moyo wake ulikuwa ukimdunda kwa hofu tupu, maana kupitia dirishani aliona ufuo umeanza kuonyesha matope.

Wangekisia mpaka kiama. Jina lile ni la kwetu pwani, na wale walikuwa watoto wa bara.

Gurey ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Uso ukamkauka, akasema anaona anachezewa, hakuna mwanamke asiyejua kutamka jina la mumewe. Mtu mzima mmoja kati yao akamwambia hapana, hata mama yake mwenyewe hakuwahi kumtaja baba yake. Gurey akasema huo ni mji wa mama yake, na hapa ni hapa.

"Jina, abaayo," akasema, "au mashine inabaki, na nyinyi mnabaki nayo."

Safiya akafumbua kinywa. Hakikutoka kitu. Ulimi uliozungumza lugha tatu ulikuwa umelala kama samaki wa jana. Alimwona Zaituni kwa mawazo, ameketi kwenye boti akiwa na kifurushi chake mapajani, na akajua kwamba kama hatalitoa neno hili sasa, mtoto yule atakufa kwa ajili ya adabu ya mama yake. Akafumba macho, akavuta pumzi. Alitaka kulisema polepole, limfikie Gurey peke yake, lakini miaka yote ile ililisukuma kutoka nyuma.

"Shee!"

"Naam," ikajibu sauti mlangoni.

Alikuwa ni yeye mwenyewe. Maji yalikuwa yakimkimbia, akaja kumtafuta mkewe, akafika kizingitini wakati uleule wa kuitwa, na mtu akiitwa huitika. Safiya alifumbua macho akamwona. Shee alikuwa amesimama na kasia mkononi, suruali imekunjwa magotini, anamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi akagundua kwamba ni matamu. Kisha Safiya akajifunika leso uso mzima, na ofisi nzima ikapasuka kwa kicheko.

Gurey aliandika SHEE, akaandika VILLA, akakataa kabisa kutupia M. Alipofungua mlango wa kwanza tarumbeta ikalia, vijana wakafyatua risasi juu kwa furaha mpaka vipande vya dari vikawaangukia, na wawili kati yao wakaibeba mashine ya boti wenyewe hadi ufuoni, huku wakiimba njia nzima, Shee, Shee, Shee, na Safiya nyuma yao hajui pa kuuweka uso wake.

Boti ilikuwa bado inaelea, kwa unene wa kiganja tu. Wakaipandisha mashine, wakaifunga, wakasukuma hadi penye kina. Watu walikuwa wamejaa, majirani na vifurushi vyao, Omar na kuku wake, Bi Barke mbele kabisa. Shee akashika kamba ya kuwashia. Hakuivuta.

Omar akamuuliza kuna nini. Shee akasema hakuna kitu, mashine ni nzima, petroli ipo. Ila kuna neno moja alilisikia leo kule ofisini, na hana hakika kama alilisikia vizuri, na hawezi kuiacha Kismayu akiwa na shaka. Akawa anamtazama mkewe.

Safiya akamwambia kwa meno yaliyofungwa avute kamba. Mji ulikuwa umeanza kusikika upande wa pili, na milio hii haikuwa ya furaha. Shee akasema atavuta, mara moja tu akishasikia. Safiya akamwonyesha kwa macho Bi Barke, mama mkwe, aliyeketi karibu nao kiasi cha kuguswa. Alitaje mbele yake, afadhali aruke majini.

Bi Barke hakugeuka. Alikuwa akiutazama mji walimozaliwa wanawe wote, na tasbihi imesimama mkononi. Akavuta leso yake, akajifunika masikio yote mawili.

"Sisikii kichu yeo," akasema. "Tangu asubuhi sisikii kichu."

Safiya akamtazama mama mkwe wake, akamtazama mumewe. Kicheko kikamjia tena, na kilio pamoja nacho, hakuweza kuvitenganisha. Akalitaja jina la mumewe mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikika na wa nyuma kabisa, kisha akalitaja tena kwa ajili yake mwenyewe, na Shee akavuta kamba.